Bwana Faraday na Pete ya Chuma

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Kwakoa, kwenye tambarare chini ya milima ya Upare. Mjomba wangu ana gari la kazi, lori dogo lenye betri za kuendeshea taa na vyombo vya ufundi. Injini ikizimwa muda mrefu, betri huisha. Basi alimwita fundi atie soketi ubavuni mwa gari, ili likilala nyumbani livutiwe waya wa umeme wa nyumba na betri zijazwe. Fundi hakukubali kuanza mpaka inunuliwe swichi moja ya kinga. Mjomba aliinung'unikia sana bei yake.

Siku ya tatu swichi ile ilikata umeme. Mjomba akaiwasha, ikakata tena. Alikuwa karibu kuing'oa, lakini fundi akawahi kufika. Alikuta waya umechunwa na ukingo wa mlango, shaba yake inagusa bodi. Gari husimama juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme. Bila waya wa ethi na bila swichi ile, bodi nzima ingekaa na umeme ikimngoja wa kuigusa. Mdogo wangu alikuwa akicheza papo hapo, miguu mitupu, na ardhi imelowa mvua.

Fundi alinifungulia swichi nyingine mbovu, nikaona ndani yake pete ya chuma. Hapo nilimkumbuka mtu tuliyesoma habari zake darasani, nami napenda niwasimulieni maisha yake.

Michael Faraday alizaliwa karibu na London, Uingereza, tarehe 22 Septemba 1791. Baba yake alikuwa mhunzi, kama Washana wa kwetu Upare, tena mtu maskini mwenye maradhi. Shule aliipata kidogo tu. Mwaka 1805 alitiwa kazini kwa mjalidi wa vitabu, akakaa miaka 7. Mchana alivijalidi vitabu vya watu. Akipata nafasi, alivisoma.

Mwaka 1812 mteja mmoja alimpa tikiti za kwenda kumsikiliza Sir Humphry Davy, bingwa wa kemia, katika Royal Institution. Faraday aliyaandika mafundisho yote, akayajalidi kwa mkono wake, akampelekea Davy pamoja na ombi la kazi. Machi 1813 aliajiriwa kuwa msaidizi wa maabara.

Tarehe 29 Agosti 1831 alizungushia pete ya chuma nyaya mbili zisizogusana. Mmoja aliuunga na betri, wa pili na kipimo chenye sindano. Alipounga betri, sindano ilitikisika, kisha ikatulia. Alipoikata, ikatikisika tena. Akatambua kwamba nguvu ya sumaku inapobadilika, huzaa umeme katika waya. Mwaka huo huo alizungusha sahani ya shaba kati ya ncha za sumaku, akapata umeme usiokatika. Kanuni hiyo ndiyo inayofanya kazi katika dainamo za magari na katika mitambo ya bwawa la Nyumba ya Mungu.

Swichi ya kinga ilibuniwa na watu wa baadaye, lakini kanuni yake ni ile ile. Waya wa kwenda na wa kurudi hupita ndani ya pete. Umeme wake ukilingana, pete hutulia. Ukivuja kwenda ardhini, haulingani tena, na waya wa tatu uliozungushiwa pete hupata umeme unaoamrisha swichi ikate. Nyingi hukata kwa uvujaji wa ampea 0.03 tu.

Bwana Faraday hakuzijua hesabu za juu; James Clerk Maxwell ndiye aliyeziweka fikira zake katika hesabu. Wala hakutaka makuu, maana alikataa mara mbili kuwa Rais wa Royal Society. Alifariki tarehe 25 Agosti 1867.

Mjomba sasa hataji tena bei ya swichi. Nasi wanafunzi wenzangu, tukiona chombo kinakatakata umeme, tusikilaumu wala kuking'oa. Kwanza tutafute kinachokifanya kikate.