Mwalimu Nyerere na Nidhamu ya Mwili: Funzo kwa Wanaume wa Makamo

Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame. Methali hii hufunzwa watoto wangali madarasa ya chini, ilhali anayeihitaji zaidi ni mwanamume aliyevuka miaka arobaini, ambaye kuinama kwenyewe kumeanza kuwa kazi. Aghalabu mwanamume huyo ana kazi, ana jamaa na ana heshima mtaani. Mambo hayo matatu humpa sababu za kuketi: huketi ofisini, huketi garini, huketi barazani. Mwili nao hudai deni lake taratibu, kwa shinikizo la damu, kwa ugonjwa wa kisukari na kwa pumzi inayokatika mtu apandapo ngazi.

Embu ni mahali pazuri pa kulitafakari suala hili. Katika Chuo cha Ualimu cha Kigari, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, timu ya taifa ya mbio za nyika ilipiga kambi kwa miaka mingi kujiandaa kwa mashindano ya dunia. Matunda yake yanajulikana: wanaume wa Kenya walitwaa ubingwa wa timu kila mwaka tangu 1986 hadi 2003, mara kumi na nane mfululizo. Hata hivyo, katika eneo lilo hilo, si ajabu kumwona mwanamume wa makamo ameshinda kutwa kivulini akitafuna muguka, au akiita bodaboda impeleke mwendo wa dakika kumi. Huyo huwatazama wakimbiaji kama watu wa kabila jingine. Hoja yake si ya kubezwa: wale ni vijana, na kukimbia ndiyo kazi yao. Kwa hiyo mfano unaomfaa yeye hauna budi kutoka kwa mtu wa rika lake, mwenye majukumu mengi kuliko yake, asiyelipwa senti kwa jasho lake.

Mfano huo wapenzi wa Kiswahili wanao tayari, ingawa wengi wao humfahamu mwenyewe kupitia Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Nyerere alizaliwa Aprili 1922 katika kijiji cha Butiama, mashariki ya Ziwa Viktoria. Babake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, lakini utemi huo haukumzuia mwana kuchunga mifugo wala kulima. Alipotimu umri wa miaka kumi na miwili alipelekwa shule ya Mwisenge mjini Musoma, umbali wa kama kilomita 40 kutoka nyumbani, nayo njia ilikuwa ya miguu. Kutoka hapo alisonga mbele hadi Tabora, kisha Makerere kati ya 1943 na 1945, halafu Chuo Kikuu cha Edinburgh, alikohitimu mwaka 1952. Aliporejea alifundisha Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam. Mwaka 1955, chama cha TANU kikiwa hakijatimiza hata mwaka mmoja, aliacha mshahara wa ualimu ili akitumikie chama.

Kuacha huko hakukuwa kwa mwisho. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, naye akiwa Waziri Mkuu. Majuma sita baadaye, Januari 1962, alijiuzulu cheo hicho na kumwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kukijenga chama upya. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, umri ambao wengi huanza kuking'ang'ania kiti walichokipata. Mwishoni mwa mwaka huo alirejea madarakani akiwa Rais.

Nidhamu yake ilidhihirika kwanza katika matumizi ya saa za siku. Tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Kaizari ilichapishwa mwaka 1963, naye ni Rais wa nchi changa isiyo na wataalamu wa kutosha. Mwaka 1969 aliitoa tena ikiwa imerekebishwa, na mwaka huohuo Mabepari wa Venisi ikatoka. Mtu anayeshikilia kwamba kazi zimemnyima nafasi ya kutembea nusu saa jioni hana budi kuzitazama tarehe hizo mara mbili.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja mwaka 1966. Mwezi wa Oktoba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana kupinga kulazimishwa kuingia Jeshi la Kujenga Taifa, ambako wangekatwa sehemu kubwa ya mishahara. Nyerere alighadhibika, akawafukuza karibu mia nne. Lakini hasira yake ilimgeukia yeye mwenyewe pia: alipunguza mshahara wake kwa asilimia 20. Alitambua kuwa haiwezekani kumtaka kijana ajinyime huku mzee akishiba. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likatangazwa Azimio la Arusha pamoja na miiko yake ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba.

Azimio lilipokelewa kwa matembezi. Makundi ya vijana yalitembea mamia ya kilomita kuliunga mkono, na kijana mmoja, Seti Benjamin, alifariki akiwa safarini. Tangu hapo matembezi hayakuwa tena jambo la kushangilia tu. Mnamo Oktoba 1967 Rais mwenyewe aliingia njiani. Alitoka Butiama kwa miguu hadi Mwanza, kulikokuwa na mkutano mkuu wa TANU. Safari ilikuwa ya maili 138, yaani karibu kilomita 220, naye aliimaliza kwa siku nane. Umri wake ulikuwa miaka arobaini na mitano.

Hesabu hiyo yafaa ipimwe kwa kipimo cha nyumbani. Mtu atokaye mjini Embu kwenda Nairobi hupita kama kilomita 130. Mwalimu alitembea umbali huo, akaongeza wa kutoka Nairobi kurudi hadi ng'ambo ya Thika, na ziada. Kwa wastani alikwenda kilomita 27 na ushei kila siku, na kesho yake akaamka kwenda nyingine. Mwili haukubali mzigo wa namna hiyo kwa ghafla. Siku nane za barabarani hudai miaka ya mazoea. Hapa ndipo mwanamume wa makamo anapopata faraja, kwa kuwa yeye hatakiwi kwenda Mwanza. Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa mtu mzima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, kama vile kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili. Kigawe hicho hakifiki hata nusu saa kwa siku.

Miaka iliyofuata Nyerere aliendelea kuuweka mwili wake mahali ulipokuwa mdomo wake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alikaa Chamwino, Dodoma, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mwaka 1973 serikali yake iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio na vikundi vya kusomea, ambapo watu wapatao milioni mbili walijifunza kujikinga na maradhi, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kandokando ya nyumba zao. Jina lenyewe la kampeni lilikuwa fundisho: afya haikuelezwa kuwa mali ya mtu, bali mtu mwenyewe.

Hata hivyo, maisha ya Mwalimu yana upande wa pili, nao haufai kufichwa. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1973 alitangaza kuwa kuishi katika vijiji vya ujamaa sasa ni amri. Mamilioni ya watu walihamishwa, na penye ukaidi nyumba zilibomolewa au kuchomwa moto. Kile alichokuwa amejitwika kwa hiari, wengine walitwikwa kwa nguvu. Matokeo yalitofautiana sana. Vijiji vingi havikuleta mavuno yaliyotarajiwa, na miiko ya uongozi yenyewe ililegezwa na Halmashauri Kuu ya CCM huko Zanzibar mwaka 1991. Nidhamu iliyodumu ni ile aliyoanza nayo mwenyewe.

Novemba 1985 aling'atuka urais akiwa na miaka sitini na mitatu, akarudi Butiama kulima. Si kwamba alipumzika. Aliongoza Tume ya Nchi za Kusini, na kuanzia katikati ya miaka ya 1990 alisuluhisha mgogoro wa Burundi. Mwaka 1996, akiwa na miaka sabini na minne, zilichapishwa tenzi zake za Injili zote nne na Matendo ya Mitume, kazi ya maelfu ya beti zenye vina na mizani. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999 kwa saratani ya damu, akazikwa Butiama. Maradhi hayo hayakuangalia nidhamu yake, na ni kosa kudhani kuwa mazoezi ni hirizi dhidi ya kifo. Alichokipata ni nguvu ya kuitumia miaka aliyojaliwa hadi ya mwisho.

Basi mwanamume wa makamo, awe Embu, Runyenjes au Siakago, ana la kuchagua. Anaweza kuwahimiza wanawe wakimbie huku yeye ameketi, au kumkemea mwanafunzi mvivu huku mwenyewe akihema kwa kupanda kilima. Atatiiwa kwa muda, kama walivyotiiwa watoa amri wote. Au anaweza kuvaa viatu alfajiri, kabla ya mtu yeyote kumwona, akaanza na kilomita mbili. Mwalimu aliwafunza watu wengi kwa hotuba, lakini mwaka 1967 alifunza kwa nyayo, na somo hilo halikuhitaji amri ili lieleweke.