Amédé Ardoin: Alifunza Louisiana kodiani, akazikwa bila jina

Ukibahatika kupata siku moja tu ya kuzurura kusini mwa Louisiana, kule Marekani, chagua Jumamosi na uanzie mji mdogo wa Eunice. Asubuhi unanunua boudin, utumbo wa nguruwe uliojazwa wali, nyama na maini. Wewe mla mutura hutahitaji kuelezwa zaidi. Mchana unapigwa sahani ya gumbo, mchuzi mzito ambao jina lake lilitoka Angola, kwenye neno la Kibantu la bamia. Kuna pia kamba wekundu wa maji baridi, ndugu wa wale walioletwa Ziwa Naivasha miaka ya 1970.

Lakini usije kwa tumbo tu. Nje kidogo ya mji kuna karakana ya kodiani ambako watu hukusanyika Jumamosi asubuhi kupiga ngoma za zamani: kodiani, fidla, na chuma cha pembe tatu kinachogongwa. Kama umewahi kuona wazee wakicheza mwomboko, na yule jamaa wa karing'aring'a pembeni, utadhani uko Nyeri.

Ngoma hizo zinaitwa za Wacajun, yaani wazungu wanaoongea Kifaransa, ambao Waingereza waliwafurusha kutoka Kanada kuanzia 1755. Sasa sikiliza hii. Mtu aliyeupa mziki huo sura unayoisikia leo hakuwa Mcajun. Alikuwa Mkrioli, mtu mweusi, jina lake Amédé Ardoin.

Alizaliwa Machi 11, 1898, kwenye mashamba karibu na Eunice, miaka 33 tu baada ya utumwa kukomeshwa Marekani. Alikuwa mfupi, hakufikisha futi 5. Kingereza hakikuwa chake. Aliishi na kuimba kwa Kifaransa cha kwao. (Baadaye watoto wa huko waliadhibiwa shuleni kwa kuongea lugha hiyo. Wewe uliyewahi kuvalishwa kidude shingoni kwa kuongea lugha ya mama, unajua hiyo hisia.) Kazi ya shamba hakuipenda hata kidogo. Alitia kodiani yake kwenye gunia la unga, akaweka limau mfukoni la kulainisha koo, akatembea kutoka dansi moja hadi nyingine.

Rafiki yake wa kazi alikuwa Dennis McGee, mzungu mpiga fidla. Wote wawili walikuwa wakulima wa kugawana mavuno na mwenye shamba. Desemba 1929 waliingia New Orleans kurekodi na kampuni ya Columbia. Fikiria enzi zile: mweusi na mzungu kwenye sahani moja ya santuri, katika jimbo ambalo sheria iliwakataza kuketi pamoja kwenye treni! Mpaka 1934, Ardoin alikuwa amerekodi nyimbo 34. Sauti yake ilikuwa ya juu, kali, karibu kilio. Mara nyingi aliimba kuhusu yatima asiye na pa kwenda.

Wazungu walimwita awapigie dansi zao, lakini kuna nyumba ambazo alipiga akiwa barazani, karibu na dirisha, ili wachezaji wasikie bila yeye kuingia. Walitaka vidole vyake, mwenyewe hapana. Hapo ndipo mimi husimama kila ninapoisoma hadithi hii.

Wenyeji husimulia kwamba usiku mmoja, mwishoni mwa miaka ya 1930, alikuwa akipiga kwenye dansi ya wazungu huku jasho likimtiririka usoni. Akaomba kitu cha kujipangusa. Binti wa mwenye nyumba akampa hankachifu yake. Basi. Hankachifu tu, bana. Wanaume wawili hawakuvumilia kuona hilo. Alipokuwa akienda nyumbani walimvizia, wakampiga vibaya, wakampitishia gari mwilini na kumwacha mtaroni.

McGee hakuikubali hadithi hiyo. Yeye alishikilia kwamba mpiga fidla mwenye wivu alimtilia Ardoin sumu. Unaweza kuchagua unayoiamini. Lisilobishaniwa ni kwamba akili ilimtoka na muziki ukaharibika mikononi mwake. Mwaka 1942 alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pineville, akafa Novemba 3 mwaka huo akiwa na miaka 44. Akazikwa makaburi ya hospitali, bila hata jiwe lenye jina.

Kwa muda ilionekana kodiani nayo imeenda naye. Vijana walitaka fidla na gitaa, ile ladha ya Texas. Kumbe kulikuwa na kijana Mcajun, Iry LeJeune, karibu kipofu, aliyekuwa amezisikiliza santuri za Ardoin mpaka zikamwingia damuni. Mwaka 1948 LeJeune akarekodi kwa mtindo huohuo wa kilio, watu wakaikumbatia kodiani tena. Kwa upande wa Wakrioli, Clifton Chenier, mzaliwa wa viunga vya Opelousas, aliichukua kodiani akaichanganya na bluzi, na zydeco ikapata mfalme. Pande zote mbili humtaja Ardoin kama mzee wao.

Kwa hivyo ukimaliza gumbo yako, endesha gari kama nusu saa mashariki hadi Opelousas. Ndugu na mashabiki walitamani kuirudisha mifupa yake nyumbani, lakini kaburi lake halijulikani ni lipi. Badala yake walichanga pesa, na mwaka 2018 wakamsimamishia sanamu katika kituo cha wageni mjini humo. Hakuna kiingilio.