Daktari wa Kwihara na swali la wangapi kati ya wangapi

Wanachuo wenzangu mnaosema biostatistiki ni mzigo wa watu wa udaktari tu, hebu tumzungumzie daktari mmoja aliyepita kwetu. Ukiwa Itetemia, kata ya Manispaa ya Tabora, Kwihara si mbali, na hapo ndipo lilipo tembe alilokaa David Livingstone mwaka 1872. Leo ni makumbusho. Shuleni tulimkariri kwenye mada ya mawakala wa ukoloni, mmisionari na mpelelezi, basi. Udaktari wake tuliupita mbio.

Alizaliwa Blantyre, Uskoti, tarehe 19 Machi 1813. Akiwa na miaka 10 alikuwa tayari kibarua wa kiwanda cha pamba, jioni anasoma. Akasomea tiba Glasgow, akafuzu 1840, na mwaka uliofuata akafika Afrika Kusini. Sasa angalia: mwaka 1835 huko Paris, daktari Pierre Louis alikuwa ameshachapisha hesabu za wagonjwa wa nimonia waliotolewa damu mapema na waliotolewa baadaye. Alipolinganisha makundi, tiba iliyosifiwa sana ikaonekana haina nguvu hiyo. Njia ilikuwepo, ila madaktari wengi waliendelea kuamini macho yao.

Livingstone naye hivyohivyo. Alitengeneza kidonge cha homa, kwinini imechanganywa na dawa za kuharisha. Wagonjwa wakapona, sifa zikaenea. Tumtendee haki: kwinini inaua kweli kimelea cha malaria, ingawa kimelea chenyewe kilikuja kuonekana 1880. Lakini waliopona walikuwa wangapi kati ya wangapi? Na wale ambao wangepona hata bila kidonge?

Mwaka 1860 swali hilo lilikuja kwa uchungu. Familia mbili za wamisionari, ya Helmore na ya Price, jumla watu 9, zilifika Linyanti, karibu na Zambezi. Katika muda mfupi 6 walikufa, wakiwemo watoto, na baadhi ya Waafrika waliofuatana nao pia. Price, aliyenusurika, aliamini walilishwa sumu. Livingstone alipofika upande huo mwaka uleule alishikilia kwamba ni homa, na kwamba vidonge vyake vingewaokoa. Mimi naona kuhusu homa huenda alikuwa sahihi. Kuhusu vidonge, hapana, hakuwa na haki ya kuwa na uhakika ule. Waliokufa Linyanti na waliopona mikononi mwake walitofautiana umri, mahali, msimu, hata chakula. Bila kundi la kulinganisha huwezi kujua ni kipi kilichofanya kazi.

Tarehe 27 Aprili 1862 mke wake, Mary, alikufa kwa homa huko Shupanga, Msumbiji, mumewe daktari akiwa pembeni yake. Kifo kimoja hakithibitishi kwamba kidonge hakifai, kama vile mgonjwa mmoja kupona hakuthibitishi kwamba kinafaa. Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama mwaka wa kwanza, na kompyuta haitusaidii. Jenomu ya kimelea cha malaria ilichapishwa 2002, herufi kama milioni 23, na wanaoichambua kwa bioinformatiki bado wanaanza na swali lilelile: sampuli ngapi, zimetoka kwa nani, zinalinganishwa na zipi.

Mwaka 1867, katika safari yake ya mwisho, sanduku lake la dawa liliibwa. Akatembea miaka bila kwinini, mgonjwa, hadi Stanley alipomkuta Ujiji mwishoni mwa 1871. Wakaja pamoja Kwihara Februari 1872. Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki kwenye tembe akisubiri wapagazi kutoka pwani hadi Agosti. Mwanzoni mwa Mei 1873 alikufa kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, akitokwa damu tumboni.

Chuma, Susi na wenzao waliuzika moyo wake pale, wakaukausha mwili na kuubeba. Oktoba walifika Kwihara, wakamkuta Mwingereza Cameron, aliyewashauri wauzike hapohapo. Wakakataa, wakaendelea hadi Bagamoyo. Livingstone alizikwa Westminster Abbey, London, tarehe 18 Aprili 1874. Chuma na Susi hawakuwepo.