Georg Ohm: Mwalimu aliyeupa umeme hesabu zake

MKAZI wa Kibarani, Kaunti ya Kilifi, anapochomeka pasi ukutani ili kunyoosha sare za wanawe, huwa anategemea, pengine bila kujua, kanuni iliyogunduliwa na mwalimu wa shule aliyefariki 1854.

Mwalimu huyo ni Georg Simon Ohm, aliyezaliwa Machi 16, 1789 mjini Erlangen, Ujerumani. Babake, fundi wa makufuli, hakuwa na elimu kubwa ya darasani, lakini alijisomea na kuwafunza wanawe hisabati na sayansi. Mamake alifariki Georg akiwa na umri wa miaka 10.

Alijiunga na Chuo Kikuu cha Erlangen 1805, akazama katika dansi na biliadi hata babake akaghadhibika na kumwondoa. Alifundisha hisabati Uswisi kwa muda, kisha akarejea Erlangen na kupata shahada ya uzamifu 1811.

Mnamo 1817 aliajiriwa katika shule moja mjini Cologne, iliyokuwa na maabara nzuri. Huko ndiko alikofanya majaribio yake makuu. Betri za enzi hizo zilimtatiza, kwani nguvu yake ilififia jaribio likiendelea. Alishauriwa kuunganisha metali mbili, bismuthi na shaba, ungio moja likiwa katika maji yanayochemka na jingine katika barafu. Hapo akapata umeme usioyumba. Alibadilisha nyaya, fupi kwa ndefu, akipima jinsi sindano ya sumaku ilivyogeuka.

Alibaini kuwa mkondo wa umeme huongezeka volteji inapopanda, na hupungua ukinzani wa waya unapozidi. Waya mrefu una ukinzani mkubwa. Waya mnene una ukinzani mdogo. Hivyo basi, volteji ikigawanywa kwa mkondo, jawabu ni ukinzani.

Ili kuandika kitabu chake, Ohm alichukua likizo ya nusu mshahara. Kitabu kilichapishwa Berlin 1827, lakini wasomi wengi hawakukithamini. Nafasi ya chuo kikuu aliyoitamani ikamponyoka, akaacha kazi Cologne na kuishi kwa mapato haba. Nuremberg ilimwajiri 1833. Heshima ilianzia ugenini: Royal Society ya London ilimtunuku Medali ya Copley 1841. Uprofesa wa fizikia mjini Munich aliupata 1852, miaka miwili tu kabla ya kifo chake Julai 6, 1854.

Katika miaka ya 1840, Mwingereza James Prescott Joule alionyesha uhusiano wa mkondo, ukinzani na joto la waya. Leo hesabu hizo mbili huenda pamoja. Pasi inayopitisha mkondo wa ampea 5 kwa volti 240 ina ukinzani wa omu 48. Nguvu yake, volteji mara mkondo, ni wati 1,200. Ikipata moto mfululizo kwa saa moja humaliza uniti 1.2 za stima.

Hesabu hizo huokoa nyumba pia. Mkondo ukiongezeka maradufu, joto katika waya huongezeka mara nne. Ndiyo sababu waya mwembamba uliobebeshwa pasi, birika na jiko kwa pamoja unaweza kuyeyuka na kuzua moto, na fundi makini hupiga hesabu kabla ya kuchagua waya.

Mnamo 1881, mkutano wa kimataifa wa umeme mjini Paris uliidhinisha jina la Ohm kuwa kipimo cha ukinzani. Mwalimu aliyepuuzwa sasa hutajwa katika madarasa ya fizikia kote ulimwenguni.