Dkt. George Crile: Tabibu Aliyeyatangulia Maumivu

Na Mwandishi Wetu

Mgonjwa anayesubiri kufanyiwa upasuaji wa matundu madogo hivi leo mara nyingi hupewa dawa ya maumivu kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Wazo la kuyatangulia maumivu lilitetewa zaidi ya miaka 100 iliyopita na daktari wa upasuaji wa Marekani, George Washington Crile.

Crile alizaliwa Ohio mwaka 1864 na kuhitimu udaktari mwaka 1887. Akiwa daktari kijana, alimshuhudia rafiki yake, aliyepondwa miguu katika ajali ya tramu, akifariki kwa mshtuko wa mwili. Msiba huo ulimfanya autafiti mshtuko kwa miaka mingi.

Wakati ule ilidhaniwa kuwa mgonjwa aliyelazwa kwa nusukaputi hadhuriki na maumivu. Crile alipinga. Alishikilia kuwa mgonjwa hulala, lakini mishipa ya fahamu huendelea kupeleka habari za jeraha kwenye ubongo. Kwa hiyo alimtuliza mgonjwa kwa mofini, akachoma dawa ya ganzi mahali pa kukatwa, ndipo akashika kisu. Mwaka 1914, yeye na mwenzake William Lower walichapisha kitabu kuhusu njia hiyo.

Mwaka 1921 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Cleveland Clinic, na katika miaka ya 1930 alifika Tanganyika kuchunguza viungo vya wanyamapori. Alifariki mwaka 1943.

Si yote aliyoyaamini yaliyodumu. Nadharia yake kuwa mshtuko hutokana na kuchoka kwa ubongo iliachwa, na wataalamu bado wanajadili iwapo dawa itolewayo kabla huzidi ile itolewayo baadaye. Hata hivyo, msingi wa kuunganisha dawa mbalimbali na ganzi umebaki.

Msingi huo unahitajika hata pale jeraha linapokuwa dogo, kwa kuwa gesi inayojazwa tumboni wakati wa upasuaji wa matundu madogo huweza kuleta maumivu hadi mabegani. Wananchi wanaojiandaa kwa upasuaji huo wanakumbushwa kumweleza daktari mapema kuhusu mzio, vidonda vya tumbo, maradhi ya figo au ini na dawa wanazotumia, kwani si kila dawa ya maumivu humfaa kila mgonjwa.