Tippu Tip: miaka 14 ya utulivu Zanzibar iliyolipiwa na Maniema

Jina la Tippu Tip linajulikana sana mashariki mwa Congo. Kutoka Kasongo na Nyangwe hadi Kisangani, linatajwa pamoja na misafara, bunduki, pembe za ndovu na watu waliofungwa minyororo. Kisichosimuliwa sana ni namna maisha yake yalivyoisha. Hakuuawa vitani wala hakufungwa. Alirudi kwao Zanzibar mwaka 1891, akaishi miaka 14 katika nyumba ya mawe karibu na bahari, akisimamia mashamba yake na kuandika habari za safari zake.

Jina lake halisi lilikuwa Hamed bin Muhammed el Murjebi. Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Baba yake alikuwa mfanyabiashara mwenye makao Tabora, na kijana Hamed alianza safari za biashara mapema. Kuhusu jina la Tippu Tip, wengine husema linaiga mlio wa bunduki zake, wengine husema lilitokana na tabia yake ya kupepesa macho.

Mwaka 1867 alimshinda Nsama, mtawala wa Itabwa, kati ya ziwa Mweru na ziwa Tanganyika, akanyang'anya pembe nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 aliingia nchi ya Watetela. Huko alijitangaza kuwa ndugu wa chifu mzee Kasongo Rushie kwa upande wa bibi yake. Wanahistoria wengi wanaiona hadithi hiyo kuwa hila, lakini ilifaulu: mzee alimwachia utawala. Baadaye akafanya Kasongo kuwa makao yake makuu. Waarabu na Waungwana walijenga nyumba huko, wakapanda miti ya matunda na kulima mpunga. Mpunga unalimwa Maniema hadi leo.

Lakini mji huo ulikuwa na upande wake wa pili. Pembe zilihitaji wapagazi, mashamba yalihitaji mikono, na jeshi lilihitaji vijana. Watu hao walipatikana kwa kuvamia vijiji. Wengine walipelekwa mashariki, ng'ambo ya ziwa Tanganyika, na wengi wao hawakurudi tena.

Mwaka 1887, mfalme Leopold wa pili wa Ubelgiji, kupitia Stanley, alimfanya Tippu Tip kuwa liwali wa maporomoko ya Stanley, mahali ambapo leo ni Kisangani. Makubaliano yalikuwa na faida kwa kila upande. Leopold hakuwa bado na nguvu za kumwondoa, naye Tippu Tip alikuwa amekwisha kuona kwamba Wazungu wanakuja na hawatazuilika. Alipanda meli Zanzibar, akazunguka kusini mwa Afrika mpaka Banana, kisha akapanda mto.

Amani hiyo haikudumu. Stanley alimlaumu kwamba hakutoa kwa wakati wapagazi 600 walioahidiwa kwa msafara wa kumfuata Emin Pasha, akamfungulia mashtaka Zanzibar. Mwaka 1890 Tippu Tip aliondoka mtoni, akimwachia mpwa wake Rashid kazi ya liwali. Alifika Zanzibar mwaka uliofuata. Kesi ile iliachwa baadaye. Naye hakuiona tena Congo.

Aliondoka kabla tu ya moto kuwaka. Mwaka 1892 vita vilianza kati ya jeshi la Dola Huru la Congo na wakubwa wa Kiarabu na Kiswahili. Nyangwe ilianguka Machi 1893, na Kasongo mwezi uliofuata. Sefu, mtoto wa Tippu Tip, aliyeongoza upande wa Waarabu, aliuawa mwaka huohuo. Kila kitu alichokijenga baba kwa miaka ishirini kilibomolewa ndani ya miezi michache. Wenyeji wa Maniema hawakupata nafuu: waliotoka chini ya bunduki za Waarabu waliingia chini ya bunduki za Leopold.

Baba alizipata habari hizo akiwa mbali, katika kisiwa ambako siku zilikwenda polepole. Nyumba yake ilikuwa Shangani, katika Mji Mkongwe, penye vichochoro vyembamba, nyumba za mawe na milango ya kuchongwa. Mtu aliyezoea kuongoza maelfu ya watu porini sasa alikuwa mzee wa mjini. Wazungu waliokuwa Zanzibar walimjua na kumheshimu kama mtu mwenye habari nyingi.

Mmoja wao alikuwa Heinrich Brode, Mjerumani wa ubalozi. Ndiye aliyemshawishi aandike maisha yake. Tippu Tip aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Brode akayageuza katika herufi za Kirumi, akayatafsiri kwa Kijerumani na kuyachapisha mwanzoni mwa miaka ya 1900. Ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mtu kueleza maisha yake mwenyewe kwa lugha hii ambayo misafara yake ilisaidia kuileta mpaka Lualaba. Ndani yake kuna vita, bei, pembe na safari. Watu waliozibeba pembe hizo hawana nafasi kubwa humo.

Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba kufikia mwaka 1895 alikuwa na mashamba saba na watumwa wapatao 10,000. Mashamba ya Unguja wakati huo yalikuwa hasa ya karafuu na minazi. Karafuu haina mchezo. Matumba ya maua huchumwa kwa mkono kabla ya kuchanua, mtu akiwa juu ya mti, kisha huanikwa juani. Utulivu wa bwana barazani ulitegemea jasho hilo.

Mwaka 1897 Sultani, akisukumwa na Waingereza, alitoa amri ya kuondoa utumwa katika sheria. Lakini mtumwa hakuwa huru siku hiyohiyo. Ilimbidi aende mwenyewe kuomba uhuru, na akishaupata, aonyeshe kwamba ana mahali pa kukaa na kazi ya kumlisha. La sivyo aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Fidia ililipwa kwa mabwana. Masuria walitengwa na amri hiyo mpaka mwaka 1909. Kwa mtu aliyechukuliwa kijijini tangu utoto, nyumba yake ilikuwa wapi? Wengi walibaki katika ardhi ya bwana yuleyule, wakifanya kazi ili waruhusiwe kukaa.

Tippu Tip alikufa kwa malaria Juni 1905, nyumbani kwake, akiwa na umri unaokaribia miaka 70. Nyumba hiyo bado imesimama Shangani, na watalii huonyeshwa mlango wake.

Waliotoka Congo, wengine kama watumwa, wengine kama wapagazi au askari wa misafara, nao walipaswa kujitafutia makao mapya. Hawakuwa na mashamba saba. Walikuwa wa makabila mbalimbali, lakini huko ugenini wakaitwa kwa jina moja, Wamanyema, nao wakalichukua kuwa lao. Walijenga Ujiji, Tabora, Zanzibar na Dar es Salaam, wakaoa, wakazaa, wakazika wazee wao huko. Hakuna hata mmoja wao aliyeombwa na ubalozi aandike maisha yake. Lakini Mkongomani anayefika Kariakoo, katikati ya Dar es Salaam, atakuta msikiti ambao mpaka leo unaitwa Msikiti wa Manyema.