Leonarde Keeler, aliyewapima kwa mashine ya uongo wafanyakazi wa urani

BUNIA – Anayeomba kazi katika shirika la ujasusi la Marekani, CIA, hukalishwa kwenye kiti, akavalishwa mkanda wa kupimia presha mkononi na mipira ya kupima pumzi kifuani, kisha akaulizwa maswali ya kujibu ndiyo au hapana. Njia hiyo ya kuwachuja watumishi wa serikali ilipata nguvu mwaka 1946, katika kiwanda kilichosafisha urani ya bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilitoka Kongo, katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga. Aliyepeleka mashine hiyo kiwandani ni Leonarde Keeler.

Keeler alizaliwa mwaka 1903 mjini Berkeley, California. Baba yake, mshairi Charles Keeler, alimpa jina hilo kwa heshima ya Leonardo da Vinci. Shule haikumvutia sana; alipenda mazingaombwe na nyoka wenye sumu. Mwaka 1921, polisi msomi wa mji huo, John Larson, alitengeneza chombo cha kuandika kwenye karatasi mwendo wa presha na pumzi za mtu anayehojiwa. Mkuu wa polisi, August Vollmer, alitaka askari wake waache kupiga washukiwa. Kijana Keeler alikipenda chombo hicho na hakukiacha tena.

Larson alikuwa mtu wa utafiti na alisitasita. Keeler alikuwa mfanyabiashara. Alikifanya chombo kuwa kisanduku cha kubebeka, akapewa hataza mwaka 1931, akajiunga na maabara ya uchunguzi wa uhalifu mjini Chicago. Huko benki zilimwita apime makarani wao, hata wale ambao hawakushukiwa lolote.

Kabla ya maswali alimwambia mtu achague karata moja na kuificha. Kisha mashine "iliitambua". Wakati mwingine karata zenyewe zilikuwa na alama. Lengo lilikuwa kumfanya mtu aamini kwamba hakuna cha kuficha, na wengi walikiri hata kabla karatasi haijasomwa. Ukweli ni kwamba hakuna sindano inayochora uongo. Inachora presha, mapigo ya moyo, pumzi, na baadaye jasho la vidole. Moyo wa mtu asiye na kosa anayeogopa kunyimwa kazi nao hudunda. Wazande wa Uele, majirani wa Ituri, walimpa kuku sumu ya benge ili kujua nani ana hatia. Huko nako imani ya watu ndiyo iliyokipa kipimo uzito wake.

Mwaka 1945 jeshi lilimtumia kupima wafungwa wa vita wa Kijerumani waliotaka kuwa polisi nchini mwao chini ya utawala wa Marekani. Mwaka uliofuata akaitwa Oak Ridge, Tennessee. Hofu ilikuwa kwamba mtu angetoka na urani mfukoni, au siri kichwani. Swali la nani ametoka na madini mfukoni linafahamika vizuri pia katika migodi ya dhahabu ya Kilo na Moto. Keeler alipima karibu wafanyakazi 700. Wachache walikiri kuchukua vitu vidogo. Wakubwa waliridhika, na upimaji ukawa wa kudumu, ukirudiwa kwa watu wale wale.

Nyumbani mambo hayakuwa mazuri. Mkewe Katherine, mtaalamu wa kuchunguza mwandiko, alimwacha. Mwaka 1944 alikufa akirusha ndege ya jeshi. Keeler alikunywa pombe sana, na presha yake mwenyewe, kitu alichopima kwa wengine kila siku, ilikuwa juu. Mwaka 1948 alionekana katika filamu ya Call Northside 777 akiigiza nafsi yake. Alikufa kwa kiharusi tarehe 20 Septemba 1949, akiwa na miaka 45.

Oak Ridge iliacha upimaji mwaka 1953, baada ya wanasayansi kulalamika kwamba unavunja moyo wafanyakazi bila faida ya kutosha. Larson, aliyefariki mwaka 1965, alijutia matumizi ya chombo chake. Lakini CIA ilikuwa imeshaanza kuwapima watu wake tangu 1948, na sheria ya Marekani ya mwaka 1988, iliyozuia kampuni nyingi binafsi kupima waombaji kazi, haikuigusa serikali. Mwaka 2003 baraza la taifa la utafiti la Marekani lilieleza kuwa kipimo hicho hakiaminiki vya kutosha kuchuja watumishi. Afisa wa CIA Aldrich Ames, aliyeuza siri kwa Urusi, alikipita mara mbili, mwaka 1986 na 1991, huku akiendelea kupokea fedha za Moscow.